Walipouondoa Mkeka

Nilijiona ukutani nikicheza na baba mkwe wangu. Mimi mwenyewe, na kanga yangu, na majivu kichwani, mkono wangu uko ndani ya mkono wake, nyuma yetu ziwa linameremeta.

Sijawahi kucheza na baba mkwe wangu. Hata mkono sijawahi kumpa. Tangu niolewe katika nyumba ile napiga magoti mbali kidogo na miguu yake, nasema shikamoo baba, anasema marahaba mama, kila mtu anaendelea na kazi yake. Sasa nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu ndani ya ghala la kahawa la kijiji, Jumapili saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane, na namtazama mwanamke mwenye sura yangu akifanya kitu ambacho mimi sikukifanya.

Mwanangu alikuwa mapajani. Ana miaka miwili na miezi kadhaa, ndiyo kwanza maneno yanamtoka. Alinyoosha kidole akasema, "Babu." Akakisogeza kidogo. "Mama."

Alisema kwa furaha na kwa sauti, na ghala zima lilimsikia, kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza.

Lazima nieleze mchezo wenyewe, maana asiyeujua ataona nimekasirikia upuuzi.

Kigango chetu kiko milimani Mbinga, upande wa kuelekea Kigonsera. Kila sikukuu ya somo wa kigango, watu wakishasali na kula, unachezwa mchezo mmoja wa kuchekesha, ule ule miaka yote. Hakuna anayejua nani aliutunga. Bibi yake mume wangu aliukuta. Watu wanaujua neno kwa neno, na bado kila mwaka kuna mtu anacheka mpaka anatolewa nje kupigwa upepo.

Uko hivi. Mwanamke amekorofishana na mumewe, amerudi kwao. Mume anamfuata. Kwa desturi zetu mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali naye, kwa hiyo mume huyo anawekwa nyuma ya mkeka uliotundikwa, anapewa ugali wake kule. Mama mkwe anatoka shambani hana habari kwamba mgeni amefika. Anasikia mtu anatafuna nyuma ya mkeka, anadhani ni mumewe. Basi anaanza kumsema mkwe. Anasema uvivu wake, anasema miguu yake, anasema ngoro alizochimba, mashimo gani hayo ya kilimani yasiyoshika maji hata ya kunawia. Mkwe hawezi kujibu. Anakohoa kizee. Kila akikohoa, mama anadhani mumewe anamuunga mkono, anaongeza. Mara tatu mkeka unataka kuanguka na mara tatu unadakwa. Haujawahi kuanguka. Mwisho mkwe anapenyeza bakuli tupu chini ya mkeka, anamwambia mjukuu, ambaye kwetu anachezwa na mama mmoja mnene wa kwaya aliyevaa gauni la shule, "Mwambie mama, mkwe wake bado ana njaa."

Mama anaganda na mwiko mkononi, na neno lake la mwisho huwa halisikiki kwa kicheko. Hapo ndipo watu wanapotolewa nje.

Mama mkwe ni mimi. Nilipewa nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka nilioolewa, kwa sababu mama aliyekuwa anaucheza alikauka sauti, na mimi nilikuwa nimeshajulikana kwaya nzima kwa mdomo. Mkwe ni baba mkwe wangu. Amecheza tangu ujana wake na hataki kusikia habari ya kumwachia mtu. Kwa hiyo mama mkwe ni binti aliyepakwa majivu kichwani, na mkwe ni mzee wa miaka sitini na kitu aliyenyoa ndevu na kuvaa shati la kitenge cha njano linalokaa mwaka mzima kwenye sanduku la kigango. Tunachekwa kabla hatujafungua mdomo.

Na tuliweza kucheza, mimi na yeye, kwa sababu mkeka ulikuwepo. Hatukuonana. Watu walijua kwamba tukirudi nyumbani adabu ni ile ile, na hilo lilikuwa nusu ya utamu: mkwe anamtukana baba mkwe wake mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyevunja kitu.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, kwetu Ngumbo, kule chini ziwani. Baba wa kunifundisha kitu nilimpata nyuma ya mkeka. Kwenye mazoezi sauti yake ilikuwa inanijia kupitia ukindu. "Mama, usilikimbilie neno. Waache wacheke waishe, ndipo uendelee." Siku nyingine ananiambia nimeshusha sauti mapema, siku nyingine kwamba nikimsema mkwe nisimsemee watu, nimsemee mwiko. Sikumbuki mtu mwingine aliyenieleza jambo kwa utulivu hivyo. Tukimaliza anapita njia ya nyuma, mimi napita ya mbele, jioni namkuta kwa mama mkwe anamtengenezea mjukuu gari la mabua.

Asubuhi ninapokwenda kuchuma kahawa, mtoto anabaki naye. Kila siku. Anafika mlangoni kwangu, anakohoa kile kile kikohozi cha mchezo, mtoto anatoka mbio. Mimi niko jikoni, hatuonani, lakini kila asubuhi nacheka peke yangu.

Hicho ndicho walichokuja kukivuruga.

Aliyekuja ni kijana wa Mbinga mjini, alikaa Dar miaka kadhaa, amerudi na kamera. Anapiga harusi na kipaimara. Watu wote wanamwita Dairekta, na yeye anaitika. Aliuona mchezo wetu siku ya somo, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaja kwa katekista kusema anataka kuutengeneza filamu, tena filamu ya nyimbo, watu wasiongee tu, waimbe.

Sitakuwa mwongo. Nilifurahi. Na kazi yake nyingine alikuwa anaijua. Maneno yangu ya kumsema mkwe aliyakata vipande vitatu akavifanya nyimbo tatu, kila mmoja na mwendo wake, ule wa ngoro ukawa wa haraka mpaka ulimi unagongana na meno. Mpiga kinanda wa kwaya alikaa naye wiki mbili. Na kile kikohozi cha baba, mnajua alikifanya nini? Alikirekodi, akakiweka kiwe kinapiga kama ngoma chini ya wimbo wangu, kho-kho, kho, kho-kho, na akina mama wanaitikia juu yake. Niliposikia mara ya kwanza nywele zilinisimama. Nikasema huyu kijana ana kichwa.

Tatizo likawa mkeka. Alisema kamera inataka nyuso. Alisema huwezi kumweka mtu mkuu wa filamu nyuma ya ukindu saa nzima, watu watazima simu. Alitaka wimbo wa mwisho mkeka uanguke, mkwe na mama mkwe waonane, wapatane, wacheze pamoja. Nikamwambia palepale hapana, haiwezekani. Baba naye alimtuma mume wangu na jibu lake: mkeka ukiondoka na yeye anaondoka. Dairekta akainua mikono, akasema hakuna shida, mkeka utabaki, kila mtu atacheza sehemu yake peke yake. Tukamwamini. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nilimwamini.

Wimbo wa mwisho alitaka kuupigia ziwani. Mchezo wa milimani, wa mashimo na kahawa, tunaupeleka ziwani kufanya nini? Picha inataka maji, alisema. Akapachagua Ngumbo, kwetu. Nikashuka na mtoto mgongoni, nikalala kwa mama yangu, kesho yake nikasimamishwa mchangani. Wazee wangu wa pale walikuja kutazama, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa waliacha dagaa zao. Baba hakuwepo. Zamu yake ilikuwa wiki iliyofuata.

Mbele yangu alichomeka kasia kwenye mchanga, akalivika kofia. Akasema hili ndilo mkwe wako, mwimbie hili. Akasema nicheze kioda, kile cha akina mama wa kwetu, nakijua tangu sijaota meno. Nikacheza. Jua kali, majivu yananishukia machoni kwa jasho, mtoto analia kwa bibi yake anataka kunyonya, nakatisha, namnyonyesha, narudi. Nikamwimbia kasia mpaka wale wanawake wa dagaa wakaanza kuniuliza bwana harusi wangu mbona mkavu, mbona hatoi hata mia ya kumtunza mchezaji.

Mwishoni, jua limeshashuka na upepo unavuma, akasema bado picha ndogo ya mikono. Alikuwa amevaa lile shati la njano la sandukuni, mimi nikadhani amelivaa kwa baridi ya upepo. Kamera akampa mwenzake. Akanyoosha mkono akasema nishike dada, ni mikono tu, sekunde mbili. Nikamshika. Kijana mdogo kuliko mdogo wangu, nikamshika kama ninavyomshika mtu ninayemvusha mto. Sikufikiria kitu chochote.

Hicho ndicho kilichokuwa ukutani.

Kasia halikuwepo. Mahali pa kasia alikuwepo baba, na shati lake la njano, anacheza kwa aibu yake ile ile, kwa sababu na yeye wiki ya pili alichomekewa kasia lake mahali palepale. Nikageuza shingo upande, na yeye akageuza. Nikacheka, akacheka. Mkeka ulianguka, sikuwahi kuuona ukianguka, ulianguka taratibu kama jani. Halafu mikono. Mkono wangu, ule wenye kovu la sufuria, ukaingia ndani ya mkono wa kulia unaotoka kwenye shati la njano. Picha ikakaa pale. Kikohozi cha baba kinapiga ngoma.

Mwanzoni watu walicheka. Filamu nzima walikuwa wanacheka, kicheko kilikuwa bado kina moto. Halafu kikakatika kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, ndipo mtoto akasema yale aliyosema.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilisikia blanketi la mlango likivutwa, mwanga ukaingia, sura zetu ukutani zikafifia. Alikuwa ameondoka. Mama mkwe wangu akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya watu bila haraka. Mume wangu akawa anatazama viatu vyake. Nilikaa mpaka mwisho. Dairekta alikuwa amesimama kwenye projekta anatabasamu, anangojea makofi.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikapiga magoti mlangoni, nikasema hodi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Karibu ndani, mke mwenzangu."

Nimeshatukanwa. Nimesoma shule ya bweni, nimeuza samaki sokoni, najua matusi. Hakuna aliyewahi kunipiga na maneno manne namna ile.

Nikampigia simu Dairekta nikiwa njiani kurudi kwangu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha akasema dada, mbona wamependa, mbona wote walikuwa kimya wanatazama. Akasema ile ni sinema, kila mtu anajua sinema. Akasema pia kwamba imeshatoka, ameshawapa vijana wa stendi kwenye memori kadi, ipo mpaka Mbamba Bay. Nikakaa chini kwenye majani.

Wanandugu walikaa Jumatano. Mawifi zangu wawili walikuja, mmoja kutoka Kigonsera. Baba hakuja, alituma kusema kichwa kinamuuma. Mimi nilikwenda na simu. Nilikuwa nimepata kitu. Nilikuwa nimeitazama ile picha ya mikono mpaka macho yanauma, na nilikuwa nimeona.

Baba hana kidole cha shahada mkono wa kulia. Yaani anacho nusu. Mashine ya kumenyea kahawa ilikula kipande kabla mume wangu hajazaliwa. Kila mtu katika bonde letu anajua, watoto wanamwomba awaonyeshe. Nikaisimamisha picha, nikampa mama mkwe simu mkononi, nikamwomba ahesabu vidole.

Alihesabu. Akahesabu tena akigusa kioo kwa ukucha. Vitano, vizima, tena laini, mkono wa mtu asiyeshika jembe.

"Huyu siye mzee wangu," alisema.

Nikawaeleza yote, kasia, kofia, shati, mikono sekunde mbili. Nilieleza kwa hasira mpaka mtoto akaanza kulia. Mume wangu hapo ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akasema na yeye aliliona kasia la baba, alikuwepo siku ile. Nikamtazama. Siku tatu ulikuwa umelificha wapi hilo kasia? Nilimuuliza hivyo mbele ya dada zake na sijutii.

Nilidhani yamekwisha. Wifi mkubwa, yule wa Kigonsera, akarudisha simu mezani. "Sisi tumehesabu vidole, wifi. Watu huko nje hawahesabu. Wanaona picha."

Na alisema kweli, ndicho kilichoniuma. Mama aliacha kuniita mke mwenza, siku ya pili akaniletea maharage. Lakini baba hakuja. Asubuhi hakuna kikohozi. Alikuwa anazunguka njia ya juu, ya kwenye migomba, ili asipite mbele ya nyumba yangu. Nilichuma kahawa na mtoto mgongoni, mzito, anavuta nywele, anauliza babu. Nilisikia kwamba amemwambia katekista atafute mkwe mwingine wa mchezo. Alikuwa amemwambia mume wangu kwamba akikutana na macho yangu anauona ule ukuta. Mzee aliyenisemea maneno ya heshima miaka minne amefanywa aone haya ya kosa ambalo hakulifanya, na mimi vilevile, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kwenda kumwambia mwenzake pole, kwa sababu desturi ile ile iliyovunjwa kwenye picha ndiyo inayotukataza kukaa tukaongea.

Dairekta alikuja wiki ya tatu, amepanda pikipiki, ameshika kofia mkononi. Namshukuru kwa hilo moja, alikuja. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akiwa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikamuuliza jambo moja tu, kwamba tulimwambia hapana, mimi nilisema na mzee alisema, yeye alisikia nini.

Alijikuna magoti. Akasema yeye amekulia mjini, kwao hawana mambo hayo, baba yake anakula meza moja na mke wa kaka yake.

"Nilidhani mkeka ni umaskini wa jukwaa, dada. Nilidhani mliuweka kwa sababu hamkuwa na mapazia."

Alikuwa amefanya kazi na sisi miezi mitatu. Alipima urefu wa kikohozi. Alijua kila pumzi ya mchezo ule, na kitu pekee kilichoushikilia alikiona kama tundu la kuzibwa. Alikuwa anadhani anatupa zawadi. Nikashindwa hata kumpigia kelele. Akasema ataikata sehemu ile, arudishe kasia, arudishe mkeka, aitoe upya. Nikamwambia fanya hivyo, lakini zile za kwenye kadi huwezi kuzifuata hadi Mbamba Bay. Akasema anajua. Akaomba aende kwa mzee. Nikamwambia nenda, na lile shati mrudishie mwenyewe mkononi, usiliweke sandukuni.

Sijui waliongea nini. Pikipiki niliisikia ikiondoka baada ya saa nzima.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikasikia kitu kinakwaruza mlangoni, nikadhani mbuzi wa jirani. Kisha mwanga wa mlango ukapungua, kwa taratibu, kutoka juu. Nikageuka. Mkeka. Mkeka wa kigango, ule wenye kiraka cha bluu pembeni, ulikuwa unatundikwa kwenye misumari yangu ya mlango na mikono nisiyoiona. Mmoja ulitokeza juu kushika kamba. Vidole vinne na nusu.

Kho-kho.

Mtoto alikuwa anacheza na vibuyu karibu na jiko. Aliacha vyote akapita chini ya mkeka kama kuku. Nilisikia anabebwa, anacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko, uji unadondoka sakafuni, na siku zote hizo tangu lile ghala sikuwa nimelia, sasa machozi yalikuwa yananitoka tu, ya hasira, sijui ya nini. Kisha bakuli tupu likaja chini ya mkeka, likisukumwa taratibu. Na sauti yake, ileile ya mazoezi, haikuwa inanisemea mimi.

"Mjukuu. Mwambie mama, mkwe wake bado ana njaa."

Mtoto akatoa kichwa chini ya mkeka. Maneno yote hayo hakuyaweza. "Mama," alisema. "Babu jaa."

Nilijua neno linalofuata ni langu. Katika mchezo, mama mkwe akishaganda, anatakiwa aseme jambo moja la mwisho. Lakini nilikumbuka alichonifundisha, kwamba nisilikimbilie. Nikachota uji, nikalijaza lile bakuli mpaka pembeni, nikapiga magoti upande wangu nikalisukuma chini ya mkeka.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mama."

Nikasikia anapuliza uji upoe. Nikachukua kikapu cha kahawa, nikatoka kwa mlango wa nyuma.